Wanaolala Mkeka Mmoja

Swali la kumi na saba kwenye fomu liliuliza hivi: "Usiku wa jana ulilala wapi?" Lilikuwa jepesi kuliko yote, na karani alikuwa ameandika jibu lake mara mia sita na kumi na mbili bila kutokwa jasho. Mtu anasema amelala kwake, karani anaandika namba ya mlango, wanaendelea na la kumi na nane. Sasa swali hilo hilo lilikuwa limemkalisha kwenye kiti cha plastiki mbele ya daktari mkuu wa utafiti, Jumatatu saa mbili asubuhi, hata chai hajaonja.

Pembeni ya daktari alikaa mtakwimu. Ofisi nzima ilimwita Bwana Wastani, kwa sababu hata ukimuuliza habari za wanawe watatu angekujibu kwamba kwa wastani hawajambo. Siku hiyo hakuwa na mzaha. Alikuwa ameshika karatasi moja na anaikunja pembe, anaikunjua.

"Karani," daktari alianza, "upele ulianza sawa mlimani na bondeni. Katika kila watu mia, thelathini na saba walikuwa wanajikuna. Tukapiga kura, nusu ya nyumba zikapewa vidonge, nusu zikangoja zamu yao. Miezi mitatu baadaye, mlimani waliomeza wamebaki tisa kwa mia. Waliongoja, thelathini na wanne. Hiyo hata kipofu anaiona. Sasa tuje kwako bondeni. Waliomeza, ishirini na wawili. Waliongoja, ishirini na watatu."

"Kwako wewe," Bwana Wastani akadakia, "kumeza dawa na kumeza mate ni mamoja."

"Ndivyo nilivyoandika, daktari."

"Uliandika, au ulipika?"

Neno hilo lilimchoma. Alikuwa amemaliza soli za viatu viwili kwenye vichochoro vya bondeni, amefukuzwa na mbwa, amefungiwa milango na watu waliomdhani mdai. Hakupika hata namba moja. Lakini alijua kwa nini namba zimekaa vile, alijua tangu fomu ya kwanza, na hakuthubutu kufungua mdomo.

"Alhamisi nataka maelezo," daktari alisema. "Ijumaa ripoti inakwenda halmashauri. Bondeni ndiko kwenye watu wengi, na kwa namba hizi wataifuta oda yote ya dawa, nami sina cha kuwajibu. Begi na kitambulisho acha kwa mlinzi."

Mlinzi, ambaye kila asubuhi walitaniana, alimwaga begi juu ya meza yake na kuhesabu vilivyomo kana kwamba hawajuani. "Kalamu mbili," alisema bila kumtazama. "Ulipewa tatu." Karani akachomoa ya tatu kwenye nywele zake, akaiweka mezani, akatoka.

Sababu ilikuwa hii. Bondeni inaishi kwa kiwanda cha nguo, na kiwanda cha nguo hakilali. Wanawake wanaoingia zamu ya usiku huwaacha watoto kwa jirani mwenye chumba kikubwa, wakalala huko kwenye mikeka, wakachukuliwa asubuhi. Mtoto wa mlango namba sita aliyemeza dawa hulala ubavu kwa ubavu na mtoto wa mlango namba kumi na mbili ambaye hajameza, na wadudu wa upele hawajui kusoma namba za milango. Vyumba vya namna hiyo havisemwi mbele ya mtu mwenye fomu. Mwaka uliopita ofisi ya mtaa ilikifunga kimoja kwa kukosa kibali, na mwenye nyumba akamtoa yule mama na vyombo vyake siku hiyo hiyo. Na chumba kilichojulikana kuliko vyote kilikuwa cha mwanamke aliyeitwa Bi Mikeka, mama mzazi wa karani.

Nyumbani alimkuta mama yake uani, amekunja mikono ya gauni, anamwagia mikeka maji ya moto. Alikuwa nayo tisa, na kila mmoja aliujua kwa kiraka chake. Watoto kumi na tisa walilala kwake, mjukuu wake akiwemo, na ada ya malezi hayo ndiyo iliyolipa kodi ya nyumba. Kila Jumatatu Bi Mikeka alichemsha mashuka, na kila Jumatatu jioni upele ulirudi kulala naye.

"Mbona saa hizi?" aliuliza. Kabla karani hajajibu, mlango wa uani ukasukumwa, akaingia binti yake wa miaka tisa na mkoba wa shule mgongoni.

"Na wewe mbona saa hizi?"

"Mwalimu kasema nisirudi mpaka ngozi itulie." Binti alikuwa anasema na mlango, si na wao. "Aliniweka nikae peke yangu nyuma. Halafu wenzangu wakaanza kuhesabu."

"Kuhesabu nini?"

"Nimejikuna mara ngapi. Walifika hamsini na moja."

Karani alimvua binti yake mkoba, akambembeleza, akamtuma ndani akapumzike. Kisha akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kumweleza mama yake yote, kuanzia mlimani na bondeni mpaka ile kalamu ya tatu.

"Kwenye fomu niliandika kila mtoto kalala kwao," alimalizia.

"Na hapa kwangu umeandika nani?"

"Wewe, mimi na binti. Watatu."

Bi Mikeka akaitua sufuria. "Watatu! Mimi ninayeamka mara sita usiku kugeuza watoto wa watu, umeniandika kama bibi kizee anayekoroma na wajukuu?"

"Nilikuwa nakuficha, mama."

"Kwani nimeua?"

"Wakijua watakufunga chumba. Unajua walichomfanyia yule mwenzako."

"Najua. Kitanda chake nilikibeba mimi kichwani." Bi Mikeka akapangusa mikono kwenye gauni, na kwa mara ya kwanza tangu utoto karani aliiona hofu usoni mwa mama yake. "Wakifunga hapa, tutaishi wapi?"

"Sijui."

"Na ukinyamaza?"

"Mimi kazi sina, na watasema nilipika. Na Ijumaa dawa inazikwa."

Ndani ya chumba, binti alikuwa anajikuna. Waliusikia mkwaruzo wa kucha, ukaacha, ukaanza tena. Bi Mikeka alisikiliza mpaka akachoka kusikiliza.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema. "Miaka yote nilidhani ni methali tu. Nipigie pasi lile gauni la kijivu. Kesho tunakwenda wote."

*

Mlinzi alimzuia mlangoni. "Una miadi na daktari, mama?"

"Nina watoto kumi na tisa," Bi Mikeka alijibu, na kabla mlinzi hajaelewa uhusiano wa mambo hayo mawili, alikuwa ameshapita.

Hakukubali kiti. Alisogeza mafaili ya daktari pembeni, akachukua kalamu, mihuri, rula na vifuniko vya chupa vilivyokuwapo, akaanza kupanga chumba chake juu ya meza. "Huu mkeka wa dirishani. Anayelala hapa ni mtoto wa fundi cherehani, mlango wa sita. Ubavuni kwake, pacha mmoja wa Kipaza. Yule wa pili yuko kule ukutani, wakilala pamoja wanapigana mateke."

Kipaza alikuwa mpakiaji wa kiwandani, na jina hilo alipewa kwa sababu alipozungumza alisikika mpaka kituo cha basi. Bwana Wastani alipekua orodha yake. "Mlango wa sita, wamemeza. Kwa huyo Kipaza… hawajameza."

"Mkeka wa pili," Bi Mikeka aliendelea.

Walipofika wa tatu Bwana Wastani alikuwa ameinuka kitini. Walipofika wa tisa alikuwa amevua miwani. "Tisa wamemeza, kumi hawajameza," alisema taratibu. "Na hakuna mkeka hata mmoja ulio wa upande mmoja. Mama, vyumba kama chako viko vingapi bondeni?"

"Ninavyovijua mimi, ishirini na nane."

"Ishirini na nane!" Akamgeukia daktari. "Tumewahesabu watu hawa kana kwamba kila mmoja anaumwa peke yake. Ugonjwa wa kuambukiza hauko hivyo. Ngozi ya huyu inategemea ngozi ya yule anayelala naye. Aliyemeza amepona, kisha kaambukizwa upya na mwenzake. Na asiyemeza kapata nafuu kidogo kwa kuwa mwenzake alimeza. Pande zote mbili zimekutana katikati, sisi tukasema dawa haifai!"

"Kidole kimoja hakivunji chawa," alisema Bi Mikeka. "Nyinyi mlisoma miaka mingapi?"

Daktari hakucheka, lakini mdomo ulimcheza. "Basi tuzihesabu upya leo hii, kwa mikeka, ripoti itoke Ijumaa kama ilivyopangwa."

"Hapana, daktari." Bwana Wastani alitikisa kichwa. "Majibu tumeshayaona. Tukibadili namna ya kuhesabu sasa, tutakuwa tumepiga mpira kwanza, goli tukalichora baadaye. Halmashauri watatucheka, na watakuwa na haki. Tuombe muda, turudie. Safari hii kura ipigwe kwa chumba, siyo kwa mlango. Wanaolala pamoja wameze siku moja au wangoje pamoja."

Daktari akakubali. Ndipo akamtazama karani, aliyekuwa amesimama karibu na kabati muda wote huo.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu fomu ya kwanza, daktari. Niliogopea nyumba ya mama."

"Hukupika, hilo nakuomba radhi. Lakini ulificha, na katika kazi hii ndugu hao wawili wamezaliwa tumbo moja." Daktari akasukuma begi na kitambulisho kwake. "Utairudia milango yote mia na arobaini kwa miguu yako, na swali la kumi na saba utaliuliza mara mbili. Na wewe, mama, kila chumba kitakuwa na namba, hakitakuwa na jina. Ofisi ya mtaa haitapata karatasi hata moja kutoka kwangu."

*

Halmashauri ilitoa miezi mitano. Karani alizunguka, na Bi Mikeka akazunguka naye, kwani wenye vyumba wengine walikana mpaka mikeka iliyoanikwa nyuma yao. "Mwanangu kaniandika mimi niliyemzaa," Bi Mikeka aliwaambia. "Wewe nani usiandikwe?" Mmoja mmoja walilegea, mpaka ishirini na nane wakatimia.

Kura ilipigwa Jumamosi kwenye ukumbi wa shule. Vikaratasi ishirini na nane vilivyokunjwa viliwekwa kwenye beseni, kumi na vinne vya kumeza, kumi na vinne vya kungoja. Bi Mikeka alikuwa wa tano. Alitia mkono bila kufumba macho, akakunjua, akampa karani asome. Karani alisoma kimoyomoyo kwanza, mara mbili.

"Kungoja," alisema.

"Haki ya Mungu!" Kipaza aliruka kutoka benchi la nyuma. "Bi Mikeka, umekwenda kumwaga mtama wetu hadharani, na kuku wanaokula ni wa wenzetu! Wanangu wajikune miezi mitatu mingine? Leo hii nawahamishia chumba cha ng'ambo ya barabara, wao wamepata kumeza!"

Wanawake wengine wakaguna kumuunga mkono. Bwana Wastani alifungua kinywa aeleze, Bi Mikeka akamwonyesha kiganja anyamaze.

"Kipaza, dukani umewahi kuona mzani wa sahani moja?"

"Mzani umeingiaje hapa?"

"Nijibu."

"Sijawahi."

"Wakimeza wote leo, upele ukapungua, nani atajua ni dawa au ni jua la kiangazi? Watasema ni jua, na dawa hawatanunua. Sisi ni sahani ya pili. Mafuta ya kupaka ya zahanati mtapewa kama siku zote. Lakini ukiwapeleka wanao ng'ambo, utakipelekea upele chumba kilichomeza, na mzani utapinda tena kama mwanzo." Alikunja kile kikaratasi akakitia kifuani. "Atakayelala kwangu alale mpaka mwisho. Mimi mwenyewe nimeshika kura mbaya kwa mkono wangu, na mjukuu wangu yumo. Mnataka niseme nini zaidi?"

Pacha hawakuhamishwa, ingawa kwa wiki nzima Kipaza aliwafikisha mlangoni bila kusalimia.

Ilikuwa miezi mirefu. Watoto wa chumba cha ng'ambo walianza kuvaa mikono mifupi, na wa Bi Mikeka waliwachungulia dirishani. Shuleni binti aliruhusiwa kurudi kwa barua ya daktari, akakalishwa peke yake kama zamani. Kina mama wawili waliacha kumsalimia Bi Mikeka sokoni. Aliyatia moyoni, na usiku aliendelea kuamka mara sita, anawapaka mafuta, anawafunga vitambaa viganjani wasijichune.

Mwezi wa tatu, mchana mmoja, karani alimwosha binti yake mikono na maji ya beseni yakageuka mekundu. Begi la kazi lilikuwa juu ya meza na ndani yake mna vidonge vya vyumba vya wenzao. Viwili tu vingetosha. Alivitoa, akaviweka kiganjani, akavitazama mpaka vikalowa jasho.

"Binti ana kilo ngapi?" Sauti ya Bi Mikeka ilitoka mlangoni.

"Ishirini na nne."

"Basi pima na wenzake kumi na wanane, uwape wote. Ukimaliza nenda kawape na vyumba kumi na vitatu vinavyongoja kama sisi. Halafu ukamwambie Bwana Wastani achome makaratasi yake."

"Ni mwanangu, mama!"

"Na wewe ni wangu. Unadhani nilipokukuta na hivyo vidonge sikutamani kugeuka nijifanye sijaona?"

Karani alivirudisha ndani ya begi. Kisha akalia, kilio cha mtu mzima chenye kamasi, na mama yake akamshika kichwa akakilaza tumboni kwake. Karani alikuwa amechoka kuwa mkweli. Binti alitoka na mikono yake ndani ya kitambaa akawakuta hivyo, akauliza nani kafa, wakacheka wote wawili huku machozi yanawatoka.

Siku ya ukaguzi alikuja muuguzi kutoka mji mwingine. Hakujua chumba kipi kimemeza na kipi kimengoja, na ilikuwa mwiko kumwambia, ili macho yake yasielemee upande wowote. Jambo hilo lilimtesa Kipaza kuliko upele wenyewe. Alijaza maji mdomoni, akasimama kizingitini na mashavu yamevimba, na hakuyatema mpaka muuguzi alipomaliza mtoto wa mwisho na kuvuka barabara. Alipoyatema alisema maneno ya saa nzima kwa pumzi moja.

*

Majibu yalisomwa pale pale ukumbini, mbele ya ofisa wa halmashauri, mwenyekiti wa mtaa na kina mama waliotoka zamu bila kulala. Bwana Wastani alikuja na bahasha mbili zilizofungwa kwa lakiri. Ya kwanza ilikuwa ya muuguzi, ya pili ilikuwa ya kura. Alizifungua mbele yao, akaziweka sambamba, akaanza kujumlisha ubaoni kwa chaki, chumba baada ya chumba. Karani alihesabu naye kimya kimya, na alifika kabla yake.

"Vyumba vilivyomeza," alisema Bwana Wastani, akahesabu tena kwa kidole, akaanza upya. "Vilivyomeza, wanne kwa mia. Vilivyongoja, thelathini na watatu."

Ukumbi ulilipuka. Viti vilianguka. Kipaza alipiga kigelegele kilichomfanya ofisa wa halmashauri ashike sikio.

"Subirini, subirini!" Bwana Wastani aligonga ubao. "Sijahesabu kichwa kwa kichwa. Watoto kumi na tisa wanaolala pamoja ni shahidi mmoja, siyo mashahidi kumi na tisa. Mashahidi wangu ni vyumba. Na katika vyumba kumi na vinne vilivyomeza, hakuna hata kimoja, hata kimoja, chenye upele mwingi kuliko chumba chochote kilichongoja. Bahati haiwezi kufanya hivyo. Nimeifanya kazi hii miaka ishirini na mbili na sijapata kuona ubao msafi kama huu."

Ofisa wa halmashauri alisimama, akatangaza kwamba oda ya dawa itanunuliwa yote, na kwamba dawa itatolewa kwa chumba, siku moja, watoto na wazazi wao. Mwenyekiti wa mtaa akakohoa. Alitaka kukumbusha, alisema, kwamba vyumba hivyo kwa kweli havina kibali.

"Basi wapeni kibali," ofisa alijibu. "Mkivifunga, dawa itapitia wapi?"

Daktari aliinuka mwisho. "Waliomeza wametuonyesha kwamba dawa inaponya," alisema. "Lakini tusingejua lolote bila waliokaa na kuwashwa miezi mitatu wakijua dawa iko ng'ambo ya barabara. Wenye vyumba vilivyongoja, naomba msimame."

Walisimama wanawake kumi na wanne. Bi Mikeka, katika gauni lake la kijivu, alijaribu kujificha nyuma ya mgongo wa mwanawe, lakini karani alisogea kando makusudi. Kipaza ndiye aliyeanza kupiga makofi. Alipiga huku analia, anamwambia kila aliyekuwa karibu kwamba huyo ni wa chumba chao, huyo hapo, wa kijivu.

Walimeza Jumapili iliyofuata, na mara ya pili baada ya siku saba, wote pamoja, kina mama na watoto na wenye chumba, wadogo wasioweza kidonge wakipakwa dawa kutoka shingoni hadi nyayoni.

Wiki tatu baadaye Kipaza alitoka zamu asubuhi, akabisha hodi kwa Bi Mikeka, na hakuna aliyeitikia. Hilo halikuwa limetokea hata siku moja, kwani saa hiyo chumba huwa kimeshaamka zamani kwa kujikuna. Alibisha tena. Kina mama wengine wakafika, wakajazana mlangoni, mmoja akaanza kutaja jina la Mungu. Karani, aliyekuwa amekwenda kuchota maji, alikuja mbio, akatua ndoo, akasukuma mlango.

Watoto kumi na tisa walikuwa wamelala. Walikuwa wamelala fofofo, midomo wazi, mikono imetupwa huku na huku bila vitambaa, na hakuna kidole kilichokuwa kinatafuta ngozi. Binti yake alikuwa amejinyoosha katikati, mguu mmoja juu ya pacha wa Kipaza. Na kando ya dirisha, Bi Mikeka, aliyezoea kuamka mara sita, alikuwa anakoroma.

"Shule je?" Kipaza alinong'ona. Hakuna aliyewahi kumsikia akinong'ona. "Kengele imebakiza robo saa."

Karani alinyata ndani akachukua begi, akatoa fomu yake ya mwisho na kalamu, akakaa kizingitini, akauvuta mlango nyuma yake mpaka ukabaki ufa, akaifungua fomu kwenye swali la kumi na saba.

"Waacheni," alisema. "Leo wachelewe."